Aliyesimama Mlangoni

Chupa ilimpasukia akiwa kwenye cherehani, anamalizia kola ya sare ya shule, mimba ikiwa ya miezi saba tu. Mwanzoni alidhani amejimwagia maji ya kunywa. Alipoinuka akaona kiti chote kimelowa, alimwita jirani wa duka la pili, na jua halijatua alikuwa amejifungua mtoto wa kike mdogo kama mkate. Watu wote walimwita Fundi, hata mumewe, na wauguzi nao hawakusumbuka kutafuta jina lingine.

Mtoto hakuwekwa kifuani pake. Alifunikwa harakaharaka, akapelekwa wodi ya watoto njiti, akalazwa ndani ya kile kisanduku cha kioo chenye joto ambacho akina mama wa pale nacho walikiita chupa. Mama mkwe alipokuja kutazama alisema mjukuu wake katoka chupa moja kaingia nyingine, na kwamba mgeni anayefika chakula hakijaiva hana budi kusubiri. Alikuwa anajaribu kuchekesha. Fundi hakucheka. Alikuwa akitazama mbavu za mwanawe zikibonyea, na kila zikibonyea alingoja kuona kama zitainuka tena.

Akina mama walilazwa chumba kimoja, upande wa pili wa ujia. Saa ya kulisha ikifika waliitwa, wakaketi kwenye mabenchi kukamua maziwa ndani ya vikombe vidogo, kisha wakayabeba kuvuka ujia kwa mwendo wa mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Sista aliyapokea, akayapitisha kwenye mpira mwembamba ulioingia puani mwa mtoto. Baada ya hapo mama alitakiwa kurudi kitandani kupumzika, kana kwamba kupumzika ni kitu ambacho mtu huamrishwa.

Jirani yake kitandani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amemzidi Fundi umri kwa mbali, na mimba mbili zilikuwa zimemharibikia kabla ya hii. Mwanawe wa kiume aliitwa Bosi, jina alilopewa na wauguzi kwa sababu mashine yake ililia wakati wowote ilipopenda, na ikilia wote walikimbia.

"Akiita yeye, hata daktari anaacha chai," Mwalimu alisema kwa majivuno.

Mwalimu hakupumzika. Alisimama kando ya chupa ya Bosi tangu asubuhi, na akifukuzwa kwa mlango mmoja alirudi kwa mwingine, akisingizia kwamba amesahau kikombe. Alimfundisha mwanawe kusoma. Aliweka mdomo karibu na tundu la kuingizia mkono, akamnong'oneza a, e, i, o, u. Alirudi chumbani kumpa Fundi ripoti: Bosi ameshamaliza irabu, sasa yuko kwenye silabi, ila yule binti yako ni wa kusinzia tu darasani, itabidi mzazi aitwe. Walicheka mpaka mama wa kitanda cha dirishani akawaambia kuna watu wanalia humu. Walitumia sabuni moja na ndoo moja. Nguo ya kulalia ya Mwalimu ilipochanika kwapani, Fundi aliishona kwa mkono, na Mwalimu akasema haijawahi kumkaa vizuri hivyo hata ilipokuwa mpya.

Ndipo hospitali ikaleta mshauri. Alikuwa msichana mpole, mwenye sauti kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alipewa chumba kidogo mwisho wa ujia kilichokuwa kikiwekwa magongo na viti vibovu. Kikafagiliwa, mikeka ikatandikwa, na kila alasiri akawakaribisha akina mama wakae, wafumbe macho, wafuate pumzi zao. Alisema lengo si kusahau, wala si kujidanganya kwamba mambo ni mazuri, bali kukaa hapa walipo, sasa hivi, bila kuburutwa na lililopita wala kuogopa lijalo. Akina mama walimbatiza jina siku ileile: Dada Pumzi.

Fundi alikuwa wa kwanza kumkejeli. Mwanangu ndiye hana pumzi, alisema, mimi ninazo za kuuza. Huyo dada angeenda kuwafundisha walio ndani ya chupa. Maneno yake yakazunguka chumba kizima na kurudi yakiwa yameongezwa chumvi.

Kisha maziwa yakamkauka. Alikamua mpaka chuchu zikachubuka, kikombe kikabaki kikavu. Sista alimwambia ni hofu, akatulie. Fundi alienda kwenye kile chumba kwa sababu hakujua pengine pa kwenda kutulia. Aliketi mkekani akiwa amekunja uso. Mshauri aliwaambia waweke kiganja tumboni, wahisi kinavyoinuka na kushuka, na sauti yoyote ikija, iwe ya mlango au ya viatu au ya gari nje, wasiifuate wala kuifukuza. Waitambue, waiache ipite. Katikati ya hayo Fundi alianza kulia, kilio kisicho na kelele, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Alipoinuka, blauzi yake ilikuwa imelowa mbele. Maziwa yalikuwa yamerudi yenyewe.

Tangu hapo akawa muumini kupita mhubiri. Aliwahi kabla ya wote, akatandika mikeka, akawaonyesha wageni namna ya kukaa. Na halikuwa jambo la bure: alilala usingizi, alikula, mkono wake ulipoingia kwenye chupa haukutetemeka, na binti yake akaanza kuongezeka uzito kidogokidogo. Kitu kimoja tu kilimuudhi. Wauguzi walikuwa wakibisha hodi. Huyu anahitajika kutia sahihi, yule ameletewa nguo na shemeji yake. Kila mara mlango ulipogongwa akina mama wote walishtuka, mioyo ikaenda mbio, na kazi yote ya mshauri ikamwagika kama maji.

Fundi alimwomba mumewe amletee kipande cha kitambaa kigumu na uzi mwekundu. Akakaa kitandani akakishona kwa herufi kubwa, zenye pindo safi: KIMYA. TAFADHALI USIBISHE HODI. Mshauri alikipenda sana. Kikatundikwa kwenye kitasa kila alasiri. Muuguzi mkuu naye alikisifu, akasema hapo ndipo akina mama wanapopata nafuu na pasichezewe.

Kulikuwa na sista mmoja mwembamba aliyevaa viatu vya mpira vilivyolia sakafuni, kwichi kwichi, hata akina mama wakamwita Sista Kwichi. Alikuwa mchapakazi, na mtu wa kwanza kufika mashine ikilia. Siku moja alibisha mlango ule ule kwa sababu mama mmoja alihitajika kuchangia damu. Muuguzi mkuu alimkemea mbele za watu, akamuuliza kama shule walimfundisha kusoma. Sista Kwichi aliinamisha kichwa, akasema samahani.

Mwalimu hakuwahi kukanyaga kile chumba. Fundi alimshawishi kwa utani, kwa upole, hata kwa kununa. Jibu lilikuwa moja.

"Mimi nikifumba macho, nani atamtazama?"

Lakini alikuwa anaisha. Miguu ilimvimba kwa kusimama. Alianza kusahau maneno, na siku moja alisimama mbele ya chupa ya mtoto mwingine akimsomea silabi mpaka sista akamgeuza. Fundi aliona aibu ile kwenye uso wa rafiki yake, akasema basi, leo unakuja hata kwa kuburutwa. Alimwambia Bosi anaendelea vizuri, mashine yake haijalia tangu asubuhi. Alimwambia mtoto hawezi kuegemea ukuta unaoanguka. Alimshika mkono. Mwalimu aliangalia nyuma mara kadhaa, akaenda.

Walikaa bega kwa bega. Mwanzoni Mwalimu alifumbua jicho moja kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Kisha bega lake likalegea, likamwegemea Fundi. Pumzi zake zikawa ndefu. Alikuwa amelala, na midomo yake, iliyokuwa imebanwa tangu Fundi amjue, ikafunguka kidogo. Fundi aliona furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ajifungue. Alijisemea, hata kama sijafanya kingine humu, hili nimelifanya.

Ndipo akasikia viatu. Kwichi, kwichi, vikija upesi kwenye ujia. Vikafika mlangoni, vikasimama. Fundi alijua ni nani. Alijua pia kwamba sista huyo hatembei upesi hivyo kwa jambo la shemeji na nguo. Mshauri, macho yamefumbwa, alikuwa akisema kwa sauti yake ya taratibu kwamba sauti zikija tuziache zipite. Fundi aliuangalia uso wa Mwalimu uliolala. Akaitambua sauti. Akaiacha ipite. Viatu vikageuka, vikarudi vilikotoka, safari hii vikikimbia.

Walipotoka, Mwalimu alikuwa akipiga miayo na kutabasamu kwa haya, akisema kumbe ningejua ningekuja zamani. Sista Kwichi alikuwa amesimama kwenye mlango wa wodi, mikono yake imening'inia. Nyuma yake mashine ya Bosi ilikuwa imezimwa.

"Nilikuja kukuita," alisema. "Alikuwa bado yupo."

Mwalimu hakupiga kelele. Alipita, akafungua chupa mwenyewe, na hakuna aliyemzuia. Akamtoa mwanawe bila mpira wala waya, akamweka kifuani kwa mara ya kwanza. Akaketi naye sakafuni. Baadaye sana alimtazama sista akamuuliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini hukubisha?"

Sista alisema kulikuwa na kitambaa.

Hospitali ilikaa vikao. Ilikubaliwa kwamba mtoto asingepona kwa vyovyote, kifua chake kilikuwa kimechoka. Ilikubaliwa pia kwamba mama alistahili kuwepo. Mtu alitakiwa kulibeba hilo, na akawa Sista Kwichi: akahamishiwa chumba cha kukunja mashuka, mbali na wagonjwa. Kitambaa kiliondolewa na darasa likaendelea mlango ukiwa wazi. Mshauri alimwita Fundi kando, macho mekundu, akamwambia asijilaumu, hakuna aliyejua.

"Mimi nilijua," Fundi alisema. "Nilimsikia. Wewe ulisema niache ipite, nikaiacha."

Msichana yule aliondoka, akarudi kukunja mikeka yake.

Fundi alienda pia kwa muuguzi mkuu, akamweleza alichosikia, akaomba yule sista arudishwe kwenye kazi yake, kwa kuwa alifika mlangoni, na mwenye masikio ndani alinyamaza. Muuguzi mkuu alimsikiliza huku anapanga kalamu zake mezani. Akasema kusikia viatu si kosa la mtu.

"Usijitafutie makosa, mama," alisema. "Ya kwetu yanatutosha."

Suala lilikuwa limefungwa. Fundi alitoka akiwa amesamehewa na mtu asiyehusika, na msamaha wa namna hiyo haushiki, ni kama rangi juu ya ukuta wenye maji.

Binti yake aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa ameanza kunyonya mwenyewe. Mama mkwe alipiga vigelegele. Majirani walikuja kuona muujiza, kila mtu akitaka kumshika na kila mtu akikatazwa. Fundi alipokea pongezi kama mtu anayepokea kifurushi kilichoandikwa jina la mwingine. Mumewe alimuuliza kulikoni. Alimweleza yote, na mume, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema liache, mke wangu, mwenzako ana maumivu ya kutosha. Fundi alisema maumivu hayo hayana ukweli wote ndani yake. Mume akasema ukweli si dawa kila mahali. Walizungumza hivyo kwa wiki kadhaa, wakirudia yaleyale.

Hatimaye akamwacha mtoto kwa mama mkwe, akaenda.

Mwalimu aliishi nyumba ya shule, vyumba viwili na ukumbi mdogo uliojaa madaftari ya wanafunzi. Alimpokea kwa kumkumbatia, akamshikilia muda mrefu, akamketisha kwenye kiti kizuri. Alikuwa amekonda lakini alikuwa amesharudi darasani. Alimuuliza mtoto hajambo, anakula, analala, bado anasinzia darasani? Alicheka kidogo. Alisema kitambaa kile kisimkae Fundi moyoni. Kitambaa ni kitambaa, kilitungikwa kwa nia njema. Mwenye kosa ni yule aliyesimama nje akaogopa maandishi. Alilisema hilo kwa sauti ngumu, iliyozoea kulisema.

"Nina neno," Fundi alisema.

Akamwambia. Hakupamba. Alisema alivisikia viatu vikija, akavijua, akajua ni jambo zito, na akanyamaza kwa sababu Mwalimu alikuwa amelala, uso wake umetulia, na yeye hakutaka kumwamsha.

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, na mmoja alikuwa akilalamika kwamba lile si goli.

"Ulimsikia," Mwalimu alisema mwishowe.

"Nilimsikia."

"Ningemkuta."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini umeniambia?"

Fundi alisema ameshindwa kukaa nalo. Kila akimshika mwanawe, analikuta pale.

"Kwa hiyo umeniletea nikae nalo mimi." Mwalimu hakupandisha sauti. Aliongea kama anayemweleza mtoto mgumu wa kuelewa, neno kwa neno. "Nilikuwa na yule sista. Asubuhi nikiamka namchukia, nikishamchukia naweza kuinuka, naoga, naenda kazini. Umekuja kumtoa. Hilo lingevumilika. Lakini nilikuwa na wewe pia. Mume wangu alimwona Bosi kupitia kioo. Ndugu zangu hawakumwona kabisa, wao wananiambia nitapata mwingine, kama mtu aliyepoteza mwavuli. Wewe peke yako ndiye uliyemjua. Nilijua kuna mtu mmoja duniani naweza kumwambia habari za zile irabu, akacheka. Sasa nitamwambia nani?"

Fundi alianguka magoti. Mwalimu alimwambia ainuke, sakafu haijafagiliwa. Maziwa yalikuwa yamemtoka Fundi, yakachora madoa mawili kwenye nguo. Wote wawili waliyaona. Mwalimu aligeuza uso dirishani.

"Nenda kamnyonyeshe mwanao," alisema. "Na usije tena."

Fundi alirudi kwake. Mama mkwe alimuuliza amepokewaje, akasema vizuri, akamchukua mtoto aliyekuwa analia. Hakujisikia mwepesi kama alivyotarajia. Jambo lenyewe halikuwa limepungua hata chembe; sasa lilikuwa kwa watu wawili. Alituma salamu kupitia watu, hazikujibiwa. Alipika, akatuma chakula, chombo kikarudi kimejaa vilevile kama kilivyokwenda, mfuniko haujafunguliwa ila kufutwa tu kwa nje. Mumewe hakusema nilikwambia. Hilo nalo lilimuuma, kwa sababu kama angesema wangegombana, na ugomvi ungekuwa nafuu.

Siku moja, alipopeleka mtoto hospitalini kupimwa, Fundi alimkuta Sista Kwichi. Alimsimulia kwamba ameshamweleza Mwalimu ukweli. Sista alikuwa ameshika rundo la mashuka hadi kidevuni. Alisema asante, lakini yeye anajua alikuwa na mkono na mlango ulikuwa wa mbao. Kisha akasema kazi ya mashuka si mbaya, mashuka hayafi, akaondoka zake.

Mtoto alipokuwa ametimiza mwaka na kitu, anatembea kwa kushikashika, Fundi alikwenda naye kwenye duka la vitambaa kununua zipu. Alikuwa anabishana na muuzaji kuhusu rangi alipoona binti yake ameshika sketi ya mwanamke aliyekuwa akichagua bitana upande wa pili. Alikuwa Mwalimu.

Fundi alikauka pale alipo. Mwalimu alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Akachuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana.

"Hujambo?" alimwambia.

Mtoto, ambaye hakuwa bado na maneno, alimpa biskuti aliyokuwa akiitafuna, imelowa mate na imeliwa nusu. Mwalimu aliipokea. Aliitia mdomoni yote, akaitafuna polepole, akameza. Akamwambia asante. Kisha akainuka, akalipia bitana yake, na akapita karibu kabisa na Fundi, kiasi kwamba mikono yao iligusana, bila kumsalimia.

Muuzaji, aliyeona yote, aliuliza kama wanafahamiana.

"Tulilazwa pamoja," Fundi alisema, akamwinua mtoto, akaomba apewe ile zipu ya buluu.